Daraja Ambalo Mama Hakuliomba

Msimu wa bajeti ni msimu wa mvua. Aliyepanga hivyo hakuwa na mama ng'ambo ya mto. Kuanzia Aprili hadi Juni, wakati kamati ya bajeti ya kaunti inakaa Kisumu kutwa nzima ikivutana, ule mto mdogo unaokata njia ya kwetu, upande wa Seme, huwa umefura na kujifanya mto mkubwa. Kiangazi unauvuka na viatu vyako mguuni. Mvua ikishika, hata pikipiki zinageuza.

Mimi ni mchambuzi wa hiyo kamati. Waheshimiwa wakisema wanataka lami, soko na taa za barabarani, ni mimi ninayekaa pembeni mwa meza kuwaambia kama pesa zinatosha. Hazitoshi. Ningelirekodi neno hilo kwenye simu, nikawa nalicheza kila asubuhi na kwenda zangu kulala. Watu wakisikia unafanya kazi ya bajeti wanadhani umekalia gunia la hela. Jameni, mimi nimekalia kiti kilichovunjika mgongo.

Basi Jumapili za mvua nilikuwa napanda gari mpaka mtoni, nashuka, nampigia Mama simu. Anateremka kutoka ufuoni anakoanika omena, wale dagaa wa ziwa letu, leso moja kiunoni, nyingine kichwani, anasimama upande wake na mimi upande wangu. Simu tunazima. Hakuamini kwamba simu inafikisha sauti yote ya mtu. Tunaanza kupigiana kelele juu ya maji, na neno lake la kwanza lilikuwa lile lile kila mara, kwa Kijaluo: "Nyara, ichiemo?" Binti yangu, umekula?

"Nimekula!" najibu.

Uongo mtupu. Lakini ungethubutu kusema bado, mama yule angerudi jikoni, asonge ugali, afunge samaki, amtafute mmoja wa wale wanaume wanaovusha watu mgongoni, na chakula kingekuja kimekaa juu ya kichwa cha mtu kama mheshimiwa. Nilikuwa namwondolea usumbufu. Ndivyo nilivyojiambia.

Tulizungumza yote pale. Nani kaoza binti, nani kahama, ng'ombe wa jirani kaingia shamba la nani. Wanawake wenzake wa omena wakipita wanachangia, na mtu yeyote mwenye masikio alijua habari zangu za ndani, hata kwamba nilikuwa nimeachana na yule bwana wa Bondo. "Alikuwa mwembamba sana!" Mama alipiga kelele. "Sikutaka kusema!" Upande wote ule ukacheka. Nilikasirika, halafu nikacheka pia.

Kilichomuumiza zaidi ni omena. Mvua inaponyesha omena haikauki vizuri, inataka kuuzwa haraka, na magari ya wanunuzi yakikuta mto umejaa yanarudi mjini. Wanaobaki ni wale wanaonunua ya kulisha kuku, nao wanatoa bei ya kulisha kuku. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama wa ufuo. Aliona mizigo ya wenzake ikioza na yake pia, na hakuna alichokitaka duniani zaidi ya daraja pale. Najua kwa sababu aliliota mbele yangu miaka. Angeonyesha kwa mkono: litaanzia kwa lile jiwe, litaishia hapa, pana, gari lipite na mbuzi wapite.

Mwaka ule daraja likaingia kwenye mpango wa kaunti. Sikuliingiza mimi. Mhandisi wa barabara aliona haja yake mwenyewe siku alipokwama pale na gari la serikali. Lakini kuingia kwenye mpango si kujengwa. Kamati yetu ilikuwa na utaratibu wake: pesa zikipungua, mradi wa kwanza kukatwa ni ule ambao hakuna mwananchi aliyesimama kikaoni akautaja. Kwa hiyo mwezi wa Februari, kamati ilipokwenda kwetu kusikiliza maoni ya wananchi, roho yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nilijua nani atasimama.

Hema likapigwa, viti vya plastiki vikapangwa, maombi yakaombwa, marefu. Mwenyekiti wa kamati, mwanamume mnene mwenye sauti ya kwaya, akawaambia watu wasiogope, waseme shida zao, serikali ni yao. Mimi niko mezani naandika. Wazee wakaomba dawa za zahanati. Vijana wakaomba uwanja. Kisha akina mama wa ufuo wakageuka wote wakamtazama Mama, naye akasimama, akajifunga leso vizuri, akamtazama mwenyekiti, wala hakunitazama mimi.

"Sisi tunashukuru," akasema. "Mmetoka mbali, jua ni kali. Sisi akina mama hatuna neno. Tumepika. Wageni wakule kwanza."

Akakaa. Watu wakapiga makofi.

Yawa! Kalamu ilinikauka mkononi. Niliwatazama wale wanawake wengine mmoja mmoja, nikiwaomba kwa macho, na kila mmoja akainamisha uso akanyoosha kitambaa chake. Mwenyekiti akacheka kwa furaha, akasema laiti kila wadi ingekuwa na akina mama kama hawa, na kikao kikaisha hapo, tukala samaki. Samaki walikuwa watamu. Nilikula nimekasirika.

Nilimfuata jikoni. Nilitaka kupiga kelele na hapakuwa na mto wa kunipa ruhusa, kwa hiyo nilinong'ona. "Mama, daraja! Mbona hukusema daraja?"

Alikuwa anaosha sufuria. "Niombe mtoto wangu mbele ya watu?"

"Hukuwa unaniomba mimi. Ulikuwa unaiomba kaunti."

"Aliyekuwa akiandika ni nani?" Akanitazama sasa. "Likijengwa, watasema umejijengea nyumbani. Kesho wakufukuze. Mimi nishaona watu wakila watoto wa watu kwa mdomo. Na tena, mtu akija kwako hujamlisha, unaanza kumwambia nipe, nipe? Sisi si hivyo."

"Na wenzako?"

"Niliwaambia wanyamaze mpaka utoke kwenye hiyo kiti."

Nikamwambia sina mpango wa kutoka. Akasema basi daraja litangoja, na akanipa sahani nikaushe.

Mvua zikaja. Mwezi wa Juni, siku chache kabla ya bajeti kupitishwa, tukaambiwa pesa za Nairobi zimechelewa na nyingine hazitakuja, tukate. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye chumba hicho hajui kelele. Kila mheshimiwa ana daraja lake, ana choo chake cha shule, na kila mmoja anaapa kwamba kwake ndiko watu wanakufa. Wala hawadanganyi, ndiyo shida. Mimi nasoma jina la mradi, mwenyekiti anauliza swali moja, mradi unabaki au unaondoka.

Nikalisoma la kwetu. Sauti yangu ilitoka sawasawa, namshukuru Mungu.

"Hii ilisemwa na wananchi?" mwenyekiti akauliza.

Mwakilishi wa wadi yetu alikuwa anatazama simu yake, alishapata soko alilolitaka. Chumba chote kikaningojea mimi. Nilikuwa na neno moja la kusema, ndiyo, na hakuna aliyekuwepo ambaye angelibisha. Nilimwona Mama amesimama kwenye hema na leso yake.

"Haikusemwa," nikajibu.

Akapiga mstari. Tukaenda kwa unaofuata. Sijawahi kuchukia ukweli kama siku ile, na sikupata hata wa kumlaumu, maana mimi na Mama tulikuwa tumeliua daraja letu kwa mikono yetu miwili misafi.

Oktoba Mama akaugua. Figo, daktari akasema. Nikamleta Kisumu akae kwangu, karibu na hospitali, na ndiyo mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana mdogo tulipoishi nyumba moja bila maji katikati. Ningependa kusema tulifurahi. Yeye alikaa dirishani akitafuta ziwa, na ziwa kutoka kwangu linaonekana kidogo sana, kati ya paa mbili, siku nyingi kijani kwa magugu. Alikuwa akiniuliza kama mvua inayonyesha hapa inanyesha na kule. Nikirudi jioni nakuta ameanika vitambaa vya jikoni kwenye kamba, amevipanga kama omena.

Hakuwahi kuniomba kitu maisha yake yote. Nilikuwa nalipa vitu kwa kuvizia, namnunulia blanketi, anauliza nani amesahau blanketi lake hapa. Asubuhi moja ya Novemba akavaa, akakaa kitandani na mkoba wake mapajani.

"Leo nakuomba," akasema. "Nirudishe nyumbani."

Nilibisha, lakini si sana. Daktari naye aliposikia hakubisha, nikaelewa.

Siku hiyo mchana kamati ilikuwa inakaa kwa bajeti ya ziada, na bila mimi haikai. Nikahesabu: naenda, namfikisha, narudi. Tulipofika mtoni tukakuta umejaa, mwekundu, unabeba matawi. Akina mama wa ufuo walikuwa wameshateremka upande wa pili wakimngoja. Wale wanaume wa kuvusha wakamtazama, wakatazamana, wakamtafutia kiti, lakini akakikataa. Akapanda mgongoni kwa mmoja wao, miguu yake imekuwa vijiti, mwenzake akimshikilia kwa nyuma, na katikati ya maji nikamsikia akisema, "Hata mume wangu hakunibeba hivi!" Na ng'ambo wakapiga vigelegele.

Nilitaka kuvuka. Simu ilikuwa inalia mfukoni, mwenyekiti, waheshimiwa wameshakaa. Nikajiambia Jumamosi nitakuja nivuke nilale kabisa. Wakamsimamisha pale pake pa siku zote, akageuka, akajifunga leso, akavuta pumzi kwa bidii mpaka nikaona mabega yakipanda.

"Nyara! Ichiemo?"

"Nimekula, Mama!"

Akapunga mkono, wakampandisha njia polepole. Alifariki kabla ya hiyo Jumamosi.

Mazishi yalikuwa Desemba na mto haukuwa umepungua. Watu wa mjini waliniheshimu, wakaja: wenzangu wa ofisi, waheshimiwa, na mwenyekiti mwenyewe na suti nyeusi. Wakafika mtoni wakasimama. Mwenyekiti akaniuliza njia nyingine iko wapi. Nikamwambia hakuna. Akabebwa, yule mtu mzima, na aliyembeba akayumba, na kiatu kimoja cha mheshimiwa kikaenda na maji kuelekea ziwani. Alisimama kaburini kwa Mama na soksi mguu mmoja, akatoa hotuba nzuri. Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka. Kwa nini ilibidi afe ndipo waje waone? Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikulia mpaka wageni walipoondoka.

Februari hema likapigwa tena pale pale. Mimi mezani na kalamu yangu. Wazee wakaomba dawa, vijana wakaomba uwanja. Kisha akasimama mama mmoja wa ufuo, jirani yake Mama, mwanamke asiyependa kusema hadharani.

"Mwaka jana tulikatazwa kuomba," akasema. "Aliyetukataza ametuacha. Tumekaa tukajadiliana, tumeona yeye sasa hawezi kutugombeza. Tunaomba daraja." Akakaa, kisha akainuka tena haraka. "Na chakula kiko tayari, msifikiri hatujapika."

Mwenyekiti hakuuliza swali. Alitazama viatu vyake. Nikaandika, na nililiandika vibaya, machozi yalikuwa yameingia kwenye karatasi, ikabidi niandike upya.

Limejengwa sasa. Linaanzia kwenye lile jiwe, ni pana, gari linapita na mbuzi wanapita. Magari ya wanunuzi yanafika mpaka kwenye omena hata mvua ikinyesha, na akina mama wanabishana bei kwa kiburi kinachonifurahisha. Nikiambiwa kwamba kazi yangu haina faida, huwa nafikiria hilo.

Lakini mimi nagombana nalo. Mara ya kwanza nililivuka kwa dakika moja, bila kuloa, bila kumpigia mtu simu, na nikajikuta niko mlangoni kwa Mama mapema mno, na mlango una kufuli. Natamani maji. Natamani ile kelele yetu, upande wote unasikia, nakasirika, nacheka. Nilikuwa na mama aliyesimama kwenye mvua kuniuliza swali moja, na mimi nikawa na haraka ya kulijibu, tena kwa uongo.

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa imeshika. Nilimwambia dereva anishushe kabla ya daraja. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unapita chini yake. Nikasimama upande wangu, pale pale pa zamani. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo akauliza, "Mama, unaogopa kuvuka?" Nikamwambia aende zake.

Kisha nikavuta pumzi, nikapiga kelele mpaka kooni pakauma, sikujali nani anasikia.

"Bado, Mama! Sijala!"