Muhuri Wenye Dirisha

Ukipita mtaa wa Pioneer hapa Eldoret na ukose kuona geti la Wesonga, fundi wa kuchomelea kutoka Bungoma, ujue ulipita umelala. Simba wawili wa bati wanatazamana, mmoja shavu limevimba kama anaumwa na jino. Wesonga aliwahi kumwambia pasta kwamba kama mbinguni kuna geti, basi lilichomelewa na mtu wa Bungoma. Pasta alikohoa tu.

Majuzi alipata kazi ya kumvimbisha zaidi. Ushirika mmoja wa maziwa kule Kapseret ulimpa geti moja la majaribio. Likipendeza, na karatasi zake zikienda sawa, angepewa mageti ya vituo vyote vya kukusanyia maziwa. Hapo kwa karatasi ndipo palikuwa na kazi. Mhasibu wa ushirika, Jerop, alikuwa amechoka kunakili namba za akaunti kutoka kwa miandiko ya mafundi, maana ukikosea tarakimu moja pesa inaenda kumsalimia mtu mwingine. Sasa alitaka kila ankara iwe na kile kisanduku cha madoadoa meusi wanachokiita QR. Unakiskani kwa simu, na akaunti, jina na kiasi vinajiandika vyenyewe.

"Hiyo tu?" Wesonga akasema. "Madam, nitakuletea madoadoa mpaka udhani ni chui."

Geti akalifunga, likapendeza. Benki ikampa kisanduku chake, watu wa duka la saiba wakakichapa kwenye ankara, ikatoka safi. Lakini kwa Wesonga karatasi isiyo na muhuri ni kama mtu amevaa koti na tai bila suruali. Akachukua muhuri wake, ule mkubwa kama kisosi, akaupulizia pumzi, akaugonga pale alipoona pana maana zaidi. Juu ya madoadoa. Twaa! Wino wa buluu kila mahali.

Asubuhi ya siku ya mkutano wa kamati Jerop akaelekeza simu. Kimya. Akaiinua, akaishusha, akaenda nayo dirishani.

"Mzee Wesonga, nani amepaka hii kitu wino?"

"Huo si wino, madam. Huo ni muhuri."

"Basi muhuri umeiziba macho. Simu haisomi."

Mwenyekiti, Mzee Kigen, alicheka mpaka kofia ikahama kichwani. "Fundi wa Kapsoya yake ilisomeka mara moja. Wewe bado uko kwa wino?"

Kapsoya! Hilo lilimchoma kuliko cheche. Yule mshindani wake wa mtaa wa pili, ambaye simba wake wanafanana na paka wa hoteli!

"Lete ingine safi," Jerop akasema.

"Na iwe na muhuri," mwenyekiti akadakia. "Kamati haipitishi karatasi tupu. Tunaketi saa nane."

Mtu mwingine angegonga muhuri pembeni akanyamaza. Wesonga agonge pembeni? Pembeni ni pa watu wadogo. Akapanda boda mpaka mjini, akachapa ankara mpya, kisha akaingia kwa mchonga mihuri, wale wanaokutengenezea ukingoja. Akamchorea fremu ya mraba, jina juu, namba ya simu chini.

"Na katikati niweke nini?" mchongaji akauliza.

"Usiweke kitu. Umeona wapi geti lisilo na pa kupitia?"

Kamati ilikuwa ndiyo inaketi aliporudi. Aligonga mbele yao wote, pumzi ameibana. Fremu ikayazunguka madoadoa bila kugusa hata moja. Jerop akaelekeza simu. Ti!

"Soma kwa sauti, madam."

"Wesonga Steel Works," Jerop akasoma.

"Rudia. Hao wa nyuma hawajasikia."

Akarudia, huku anacheka. Mzee Kigen akaivuta ile karatasi karibu na pua, akaigeuza huku na huku.

"Sasa huu muhuri unafanana na geti."

"Mageti," Wesonga akamrekebisha. "Ya vituo vyote, mwenyekiti."

Yakapitishwa kabla ya chai. Wesonga akaketi akajimiminia kikombe bila kukaribishwa, na tayari alikuwa anawaeleza wazee wa kamati jinsi benki zingefaa kuja Pioneer kujifunza kwake.