Kipimo Mkononi mwa Mama Asiimwe

Mnaweza kucheka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, pale mjini, mtaa wa Nyamitanga. Mimi ni fundi umeme, Mkongomani wa Kivu ya Kusini. Nakaa Juru, huko kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Mwaka uliopita nilifunga umeme katika nyumba ya mwanajeshi mmoja. Mkewe, Mama Asiimwe, alinipikia posho, yaani ugali, na maharage siku zote tatu. Siku ya mwisho kipimo changu cha umeme kikaishiwa betri, na mimi nilitaka kuwahi gari la kurudi kambini. Nikamwambia, "Mama, nimepima, kila fasi iko salama." Sikuwa nimepima hata ukuta mmoja.

Miezi ikapita. Siku moja nikielekea kazi nyingine nilimwona uani kwake, anakamua nguo. Nikaingia kumsalimu. Akaniuliza:

"Fundi, siku ile ulipima?"

Niaminini, ningeweza kusema ukweli. Nani angenipiga? Nikasema, "Nilipima, mama."

"Basi pima na hapa."

Nikakitoa kipimo mfukoni, akazishika ncha zake mbili kwa mikono iliyolowa. Mikono ya mtu haina umeme wa kupima. Lakini namba zilipanda mpaka volti mia mbili na arobaini, kama za soketi, zikatulia. Yeye alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

Mlango ukafunguka nyuma yangu. "Wewe unaongea na nani huko?" Alikuwa mumewe. Nikageuka.

"Na mama..."

Nilipotazama tena, uani hapakuwa na mtu wala nguo.

Mwanajeshi akakaa kwenye ngazi. "Mama alikufa. Umeme ilimpiga kwa waya ya kuanika nguo. Mimi ndiyo nilifunga hiyo waya kwa ukuta. Mimi ndiyo niliua yeye."

Na mimi, niliyejua kwamba umeme uliingia kwenye waya ule kutoka ukuta ambao sikuupima? Nilimpa pole, nikaenda zangu. Wiki mbili nzima nilimwacha aamini hivyo, ndipo nikarudi kumwambia kwamba sikupima. Hakunigusa. Alisema tu, "Toka."

Sasa nalima maharage. Kipimo nikikishika, hata ncha zikining'inia hewani, kinasoma namba ile ile. Mke wangu alikiona akaniuliza. Nikamwambia kimeharibika.

Mkimwita fundi, simameni karibu yake akipima, mzione namba kwa macho yenu. Msimwamini kwa maneno, hata awe mpole kama mimi.