Saa Nzuri za Shafii

Amisa alikuwa na wivu, na hakuwa mtu wa kuuficha. Mtaa mzima wa Nyamugari, pale Gitega, ulijua kwamba mume wake Shafii, mchuuzi wa vitenge, ana mke wa pili Muyinga, na kwamba mke huyo anaitwa Layla. Ndoa yenyewe Amisa alikuwa ameshaimeza. Shafii alifuata vitenge upande wa mpakani, akapata na wa kumpikia; mambo hayo hutokea. Tena alikuwa mtu wa haki: wiki kwa Amisa, wiki kwa Layla, na hata mara moja hakupunja zamu ya mtu.

Kilichomchoma kilikuja na ugonjwa. Parkinson ilimwanzia Shafii kwenye mkono wa kulia, ikashuka miguuni, na miaka ilivyopita ikamkamata mwili mzima. Dawa ikimkolea alikuwa mtu na watu. Ikimwishia aliganda mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Kwa Amisa alikuwa wa kuganda. Amisa ndiye aliyemgeuza kitandani, akamnywesha uji, akamfunga vifungo vya shati. Halafu, asubuhi ya kwenda Muyinga, maajabu! Mtu huyo huyo amesimama wima, amevaa viatu mwenyewe, anawasalimia majirani mpaka kituo cha magari. Amisa alimtazama kwa nyuma, roho ikimuuma. Kwangu gogo, alijisemea, kwa Layla bwana harusi.

Aliwaza mengi. Alimwona Shafii akila kwa mkono wake kwenye sahani ya Layla. Alimwona akicheka. Alimwona usiku pia, Mungu amsamehe. Na zamu yake ilipofika, wanaume wawili walimshusha Shafii garini kama gunia, naye Amisa akasaga meno: huyo mwanamke amekula tunda, ananirudishia ganda.

Basi ukaja utafiti. Kliniki moja pale Gitega ilikuwa inatafuta wagonjwa waliozidiwa na Parkinson, ili kujaribu kimashine cha kuvaa kiunoni kinachosukuma dawa chini ya ngozi ya tumbo, mchana na usiku bila kukatika. Daktari Josefina, aliyekulia Tanzania kabla familia yake haijarudi Burundi, hakuwaahidi kupona. Alisema haya ni majaribio, na Shafii ana ruhusa ya kujitoa wakati wowote. Lakini kwa miezi yote ya majaribio lazima akae nyumba moja, karibu na kliniki, na mtu mmoja wa nyumba hiyo afundishwe kubadilisha dawa kila siku.

Nyumba moja! Amisa alifurahi kama aliyerithishwa shamba. Nyumba yake ilikuwa karibu, naye ndiye mke mkubwa. Saa nzuri za Shafii zote sasa zingekuwa zake, na Layla abaki Muyinga akihesabu mabati. Hofu yake ilikuwa moja: Shafii, na haki zake hizo, angeona heri kuikataa mashine kuliko kumnyima Layla zamu. Na daktari alikuwa ameagiza wake wote wawili waje.

Layla alikuja amemshika Shafii kiunoni, maana wiki hiyo ilikuwa yake. Alikuwa amekonda, na alitembea ameinamia upande mmoja kama mtu aliyezoea kubeba. Amisa aliliona hilo, akamchukia vile vile.

Daktari aliuliza mzee huwa mzima saa zipi za siku. Lilikuwa swali la kawaida, kila mgonjwa anaulizwa.

"Ulizeni huyu, docteur," Amisa alisema. "Mi kwangu iko anaganda tu. Masaa ya muzuri yote iko Muyinga."

Layla alimgeukia Amisa taratibu. "Kwangu? Mama Aboubakar, mi namulishaka na kijiko. Namuonaka muzima siku ya kurudi kwako tu. Mi nimelia sana kwa wivu juu yako."

Kisha daktari akamwuliza Shafii vidonge vyake anavimeza vipi, naye akaeleza, kwa sauti ndogo kama ya redio iliyoishiwa betri. Vidonge vilikuwa vinapatikana kwa shida, kwa hiyo nyumbani alimeza nusunusu na kuweka akiba ya siku ya safari. Siku hiyo alimeza vya kutosha, apande gari kwa miguu yake, zamu ya mtu isipite. Kwenda, akifika Gasorwe, kabla ya Muyinga, ameshaanza kuganda. Kurudi, hali ni hiyo hiyo kabla hajaiona Gitega.

"Sasa saa zako nzuri zilikuwa zinaishia wapi, mzee?"

"Mu gari," Shafii alisema.

Na kwa kuwa alikuwa mkweli hata pale ambapo uongo ungemfaa, akaongeza kwamba humo garini yeye husimulia visa, abiria wanacheka mpaka Karuzi, katikati ya njia, na kuna mama muuza ndizi pale anayemwita kijana.

Wivu wa Amisa haukuisha, ulihama tu. Ulimtoka Layla ukawaendea abiria, dereva, na hasa yule wa ndizi. Watu wasiomjua hata jina walikuwa wamekula miaka yake. Alimtazama Layla usoni, akaona naye anamwaza muuza ndizi yule yule.

Daktari akauliza ni nani atafundishwa. Shafii akaanza kusema, kwa taabu, kwamba kama Layla atakosa zamu basi mashine iachwe.

"We nyamaza," Amisa alimkata. "Mi nitafundishwa. Na Layla atakuja kukaa kwangu."

Usidhani ulikuwa wema. Alikuwa amechoka kuwaza asichokiona, na akaona heri yote yatendeke mbele ya macho yake.

Shafii alivishwa kimashine, na kwa siku kadhaa daktari alikuwa akikirekebisha. Alasiri moja aliinuka mwenyewe sebuleni, akaenda mpaka mlangoni bila kuganda, akarudi, akakaa. Wake zake walikuwa kwenye mikeka wakichagua maharage, na mikono yao ilikuwa imesimama. Akawauliza wanaangalia nini.

"Tunakuangalia we," Amisa alisema. "Ukiwa muzima hivi, siku zote uko mu njia ya kuenda."

Layla alisogeza mkeka wake karibu na miguu ya mume wao. Amisa akaona, akasogeza wa kwake karibu zaidi.