Gari Lililouzwa Dirishani

Wifi yangu Mwanaidi alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo kila aliyetaka kununua gari la marehemu alizungumza na pazia. Mnunuzi alisimama nje, chini ya dirisha la chumba cha mbele. Mimi nilisimama kando yake nikimwonyesha anachotaka kuona, na sauti ya wifi ikatoka ndani vilevile kama tulivyoizoea, haina haraka wala aibu.

Gari lenyewe ni pikapu ya kaka yangu Kibwana, Mungu amrehemu. Injini ilinoki ikafa wakati akitoka Mkata, likavutwa na trekta mpaka nyumbani Mazingara, na halikusogea tena. Kaka alisema atalitengeneza akishavuna. Akavuna, akaugua, akatutoka. Kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Watu wa mbali walimjua Mwanaidi kama mke wa Kibwana. Abiria wa Mazingara walimjua kama konda wake. Alizaliwa Magoma, upande wa Korogwe, akaolewa kwetu akiwa msichana mpole, au sisi tulidhani hivyo. Siku moja ya gulio konda wa kaka hakutokea. Mwanaidi akajifunga kanga kiunoni, akapanda nyuma ya pikapu, na hakushuka tena miaka yote iliyofuata. Alijua nani anashukia wapi, nyumba ipi ina mgonjwa, na mbuzi wa nani wasifungwe pamoja maana watapigana. Alipotaka gari liondoke aliipiga bodi kwa kiganja, mara mbili, na kaka akaliondoa bila kugeuka. Niliwahi kumuuliza kaka kama hana hofu ya kumwacha mtu. Akanijibu, "Mkono wa Mwanaidi naujua hata mvua ikinyesha."

Alipofiwa na mume, basi, alifiwa na kazi pia. Shamba letu ni dogo na warithi ni wengi. Alichotaka kilikuwa kimoja, na alikisema waziwazi: gari liuzwe kwa bei itakayotosha kununua bodaboda ya kukodisha, ili abaki Mazingara akila jasho lake, asirudi Magoma kukaa kwa kaka zake. Kikao cha ukoo kiliniteua mimi kuwa msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ikakubali, ndiyo maana nilikuwa pale nje ya dirisha.

Watu wa skrepa walikuja wa kwanza. Mmoja alilizunguka gari, akalipiga teke, akataja bei ya kilo.

"Mama, hiki ni chuma tu."

"Hata ng'ombe ni nyama tu," pazia likamjibu. "Mbona ngozi inauzwa kwingine?"

Yule akacheka, akaondoka. Mimi nilibaki na neno lile kichwani. Nilianza kuzunguka gari kila asubuhi baada ya swala, nikijiuliza ngozi yake ni ipi.

Kisha akaja mtu wa shati lililopigwa pasi, kwa bodaboda kutoka Mkata. Alitoa salamu nzuri, akatoa pole, akataja bei mara mbili ya zile tulizokuwa tumesikia. Ila hakufungua boneti. Alichuchumaa karibu na gurudumu la mbele, akatoa leso yake mwenyewe mfukoni, akafuta tope kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, mpaka namba iliyogongwa pale ikaonekana.

"Naomba nipige picha ya namba," akasema.

"Anapiga picha ya nini?" wifi akauliza kutoka ndani.

"Namba ya chesisi."

"Muulize kama anataka na ya injini iliyokufa."

"Hapana, mama," yule akajibu mwenyewe. "Injini haina shida. Kadi ya gari mnayo?"

"Tunayo."

"Basi tumemaliza."

"Hatujaanza," wifi akasema. "Weka simu mfukoni, baba, urudi Jumamosi."

Alipoondoka nililalamika. Niliona bodaboda yetu inaondoka naye. Mwanaidi akavuta pazia kidogo, nikaona uso wake uliokonda.

"Wifi, nimefanya ukonda. Abiria anayekubali nauli bila kubishana, ama hajui anakokwenda, ama hana nia ya kulipa. Huyu anajua anakokwenda. Nenda Korogwe kwa Fidahussein ukaulize."

Fidahussein ana duka la vipuri ambalo babu yake alilianzisha, na kaka alikuwa mteja wake. Nilimkuta akihesabu beringi mezani. Nilimwamkia, akaziacha.

"Marahaba. Habari za msiba tulizipata, tukamwombea. Alikuwa akinunua boliti moja na kunywa chai mbili." Kisha akaniuliza kilichonileta, nikamweleza.

"Leso yake mwenyewe?" akauliza.

"Yake mwenyewe."

"Basi gari hanunui. Ananunua jina. Kuna mtu ana pikapu kama hiyo, ya wizi, haina karatasi. Ataivika namba za Kibwana na kadi ya Kibwana, itembee mchana kweupe. Siku ikikamatwa, polisi watamtafuta mwenye jina kwenye kadi."

"Mwenye jina yuko kaburini."

"Watakuja kwa aliyebaki, dada."

Nilirudi nimekaa dirishani kwenye basi, nikitazama magari yanayopita na kujiuliza ni mangapi yanatembea kwa majina ya watu waliokwishazikwa. Sikuwahi kufikiri kwamba gari linaweza kufa likaacha kitu cha kuibiwa.

Nilimweleza wifi yote. Akaniomba niirudie ile bei. Nilijua anachopima, maana ile bei ilikuwa bodaboda kamili, na kubaki kwake Mazingara.

"Kila Alhamisi tunasoma Yasini," akasema mwishowe, "tunamwomba Mungu amsamehe aliyoyatenda. Sasa tumbebeshe na asiyoyatenda?"

Jumamosi yule mtu alirudi na fedha kwenye mfuko.

"Gari chukua," wifi akamwambia. "Kadi na vibao vya namba vinakwenda ofisi ya mapato, na kipande cha chesisi chenye namba kinakatwa hapahapa."

"Mama, gari bila kadi ni kitu gani?"

"Ni kile ulichosema umekuja kununua."

Hakubishana hata wakati huo. Alitikisa kichwa, akapanda bodaboda yake.

Tulichobaki nacho kilikuwa lile neno la ngozi. Fidahussein alinielekeza kwa Hiza, fundi Mshambaa wa Korogwe anayekata magari mabovu kwa moto wa gesi. Nilimwuliza maswali mpaka akasema nikitaka anipe ovaroli. Alipofika Mazingara nilidhani ataanza na moto. Alianza na tanki.

"Hakuna petroli humo," nikamwambia. "Lilikauka zamani."

"Tupu ndilo linaloua, dada. Mvuke unabaki, na mvuke hauonekani." Alilifungua tanki, akalipeleka mbali na nyumba, akalijaza maji. Betri aliitoa ikiwa imesimama wima, akawafukuza watoto wasiiguse maana maji yake yanaunguza. Oili chafu aliikinga kwenye madumu, isiteremke kisimani. Majirani waliigombea wapake nguzo za mazizi, mchwa wasizile. Ndipo akawasha gesi, na kitu cha kwanza kukata kilikuwa kile kipande chenye namba.

Nikaona ngozi za gari moja moja. Springi alizichukua mhunzi, maana chuma chake kinatoa panga zisizopinda. Gia boksi, ambayo kaka aliibadilisha muda si mrefu kabla ya injini kunoki, ilinunuliwa na Fidahussein. Betri na milango vilipata wenyewe. Mengi ya yaliyobaki Hiza aliyapima kwa kilo. Jumla ilizidi bei ya watu wa skrepa, lakini haikufika ile ya mtu wa leso, na tulipohesabu fungu la kila mrithi, bodaboda haikuwemo kwenye la wifi.

Kwenye ofisi ya mapato nilipeleka kadi, vibao, barua ya mahakama na kile kipande cha chuma nilichokifunga kwenye gazeti. Karani alipokea karatasi na vibao, akanipa hati kwamba usajili umefutwa. Chuma akakisukuma kurudi kwangu. "Hicho nenda nacho, dada. Kizito." Nilikibeba mpaka Mazingara. Hiza alikigonga kwa patasi hadi tarakimu ya mwisho ikapotea.

"Na hii?" Hiza akauliza, akionyesha ekseli ya nyuma na magurudumu yake mawili. "Niikate?"

Pazia lilisogea.

"Inazunguka?"

"Inazunguka vizuri tu."

"Basi iache. Hesabuni bei yake muitoe kwenye fungu langu."

Jirani yetu Ukasha ana jozi ya ng'ombe wa kulimia ambao wakati wa mavuno hukaa tu wakila. Mwanaidi alipatana naye kupitia dirisha, wagawane mapato nusu kwa nusu. Hiza akaunganisha ekseli na mbao za bodi ya zamani, likawa gari la ng'ombe la kutoa mahindi mashambani mpaka barabarani. Chuma kile kisicho na namba akakichomelea mbele, pale mti wa nira unaposhikana na gari.

Siku eda ilipokwisha, Mwanaidi alioga, akavaa, tukasoma dua, watu wakala. Kisha akatoka uani. Hakulisogelea gari mara moja. Alisimama kwanza pale pikapu ilipokuwa, kwenye udongo mweusi wa mafuta. Ukasha alikuwa amekwisha kufunga ng'ombe, na magunia ya kwanza yalikuwa juu.

Wifi akapanda nyuma, akaipiga bodi kwa kiganja, mara mbili.

Ng'ombe hawakutikisika.

"Mama," Ukasha akasema, "hawa hawakusafiri na Kibwana. Wanataka kuambiwa."

"Watajua tu," Mwanaidi akasema. Akapiga tena.