Watoto Walioachwa Mtoni

Kilichonishtua kwanza kilikuwa kicheko. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la tano, katika shule ya kijiji upande wa Kibondo, nikisoma sura ya nne ya kitabu changu cha watoto, ambacho wakati huo kilikuwa bado mswada uliopigwa taipu. Wahusika wangu, kaka na dada yake, walikuwa wamejificha kichakani na jogoo wao huku wezi wa ng'ombe wakipita karibu. Pembeni mwa ukurasa nilikuwa nimeandika kwa penseli kwamba hapo darasa litanyamaza. Darasa likaangua kicheko.

"Jogoo hawajamfunika kichwa!" mvulana mmoja alipaza sauti.

"Atawika huyo, wakamatwe wote."

"Waache, wa mjini hao," akadakia mwingine. "Ni sawa na kujificha na redio inaimba."

Wengi wao walikuwa wa familia zilizotoka Burundi, na baadhi walikuwa wamevuka mpaka kwa miguu yao wenyewe, wakiwa na umri wa kutosha kukumbuka. Hilo nilikuwa nalijua. Utafiti wangu wa shahada ya pili uliuliza ni kitu gani humfanya mtoto wa umri ule aitamani sura inayofuata. Nusu ya kazi ilikuwa kukiandika kitabu chenyewe, cha kusisimua na kuchekesha, na nusu ya pili kueleza kilivyopokewa. Huko Dar es Salaam mhariri alikuwa amekwisha kukipatia nafasi kwenye mtambo wa kuchapia. Alingoja simu yangu tu, nimwambie kwamba maneno ni ya mwisho. Nikichelewa, nafasi ingepotea, na pamoja nayo mahafali ya mwaka ule, kwa kuwa chuo kilitaka kitabu kilichokwisha kuchapwa.

Niliendelea kusoma. Sura ilikwisha kama nilivyofundishwa kwamba sura za namna hiyo zinapaswa kwisha: kamba ya kuvukia imekatika, watoto wako katikati ya Malagarasi, mto ule wa mpakani, maji yamewafika kifuani. Kengele ikalia. Nikafunga mswada na kuwaambia tungeendelea wiki ijayo.

Msichana mmoja wa dawati la mbele hakutoka na wenzake.

"Mwalimu, wamelala wapi?"

"Kina nani?"

"Hao. Umewaacha majini."

"Tutajua wiki ijayo."

Alinitazama kwa makini. "Kwa hiyo leo watalala humo humo?"

Nikaanza kupanga karatasi za mswada. Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo katika shule ile halikuwa la kawaida.

Mwalimu wa darasa, mama aliyehamishiwa huko kutoka Tanga, alikuwa amesikia yote. "Mdogo wangu, huo mto uondoe," aliniambia ofisini. "Wape mlima, wape pango, wape hata simba. Mto hawa wanaujua."

Siku zilizofuata niliufuta mto, nikaurudisha, nikaufuta tena. Kile kicheko huenda kilikuwa hofu. Huenda pia kilikuwa dharau ya haki kabisa, ya watu wanaojua kujificha, kwa mtu asiyejua. Swali la msichana huenda lilikuwa kidonda, na huenda lilikuwa ile ile hamu ya kusikia zaidi ambayo nilikuwa nimesafiri mbali kuitafuta. Dodoso langu lilikuwa na nyuso za kuchagua, moja yenye furaha, moja yenye huzuni, na moja isiyo na hili wala lile. Hakuna iliyofaa.

Wiki iliyofuata, kabla sijafungua mswada, darasa lilinifahamisha kwamba watoto wamekwisha kuvuka.

"Sisi tumewapitisha juu ya gogo."

"Gogo gani, kiboko yule!"

"Basi wamepanda kiboko. Shida iko wapi?"

Yule msichana alingoja kelele zitulie. "Wangu wamevushwa na bibi."

"Bibi yupi?" niliuliza.

"Wetu wa nyumbani. Nilimsimulia siku ile ile, tukiwa tunakula. Akasema hawezi kula na watoto wako majini. Akaweka tonge chini, akawavusha kwanza."

"Akawavushaje?"

"Alisema tu kwamba wamefika, wamelowa, wamewashiwa moto. Halafu tukala."

Mwalimu, aliyekuwa mlangoni, alinitazama kwa namna ya kusema nilikwambia. Mimi niliona jambo jingine. Kanuni niliyofundishwa, ya kumwacha shujaa hatarini mwishoni mwa sura, humhitaji msomaji aliye na kitabu mkononi: huteseka kitambo kidogo, hugeuza ukurasa, na katika kitambo hicho ndimo ulimo utamu. Pale kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa mkobani mwangu. Hata kikichapwa, shule ingepata nakala chache za kusomewa darasani. Ukurasa uliofuata ulikuwa umbali wa wiki nzima.

Nilimuuliza msichana kama niuondoe mto.

"Ukiuondoa, wezi watawafuata," alisema. "Uache."

Mwalimu hakukubali. Kwake mto ulikuwa mto, sura iishie popote. Yawezekana alikuwa sahihi. Sikuwa na njia ya kulithibitisha hilo wala kulikanusha.

Laini ya simu ya Kibondo ilikuwa imekatika, kwa hiyo nilipanda lori la mihogo hadi Kasulu. Huko nilipita mbele ya posta mara kadhaa kabla ya kuingia, kila mara nikiwa na sababu mpya ya kungoja. Hatimaye mhudumu wa simu aliniunganisha.

"Niambie ni tayari," mhariri alisema.

"Bado. Sura ya nne haiwezi kuishia majini."

"Binti, hapo ndipo penye utamu! Msomaji atageuza ukurasa mbio."

"Hana ukurasa wa kugeuza. Anasomewa, halafu anakwenda nao nyumbani wiki nzima."

"Kina nani anakwenda nao?"

"Watoto walioko mtoni."

"Tukipanga kurasa upya, nafasi yako wanapewa wa vitabu vya kiada," alisema. "Wewe utahitimu mwakani, tena ukibahatika. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria kupita kiasi," nilisema. "Wavushe kwanza, ndipo sura iishe."