Kasuku Aliyebaki na Sauti ya Baba

Mwaka niliokuwa darasa la tatu, pale Mbaha, kijijini kwetu kando ya ziwa, marehemu baba yangu alikuwa akibisha hodi kila asubuhi. "Mama Stela, fungua. Nimerudi." Kisha kile kikohozi chake kidogo cha sigara. Aliyesema hivyo alikuwa kasuku wetu, juu ya boriti ya jikoni, na mama yangu, aliyejua vizuri kabisa kwamba ni kasuku, bado aligeuka kutazama mlango.

Baba alimnunua kwa wavuvi wa upande wa Msumbiji, angali kinda. Kila alipotoka ziwani kuvua usipa, hao dagaa wetu, alisema maneno yaleyale mlangoni, na ndege akayashika. Halafu upepo wa mwera ukaupindua mtumbwi wake, na ziwa halikumrudisha. Baada ya wiki mbili tulizika shina la mgomba lililovikwa shati lake la kanisani, kama wazee wetu walivyofanya mwili usipopatikana. Tukaulilia mgomba ule kama mtu.

Tangu siku hiyo kasuku akawa mkali. Alimng'ata Mama kidole hadi ukucha ukatoka. Tulimfunikia tenga, akalitafuna akatoka. Mimi tu, Stela, ndiye niliyeweza kumshika. Asubuhi moja akamrukia mdogo wangu Imelda, ambaye hata mwaka alikuwa hajatimiza, akampasua juu ya jicho la kushoto. Ingeshuka kidogo tu, jicho lingekwenda.

Mama akachukua mkasi. Bibi, aliyemzaa Baba, akasimama mlangoni.

"Mgomba hauna sauti, Mama Stela. Tumezika mwili, sauti tumeiacha kwa huyu ndege. Ukimkata mabawa itanyamaza, na mwanangu hataijua tena njia ya nyumbani."

"Na huyu mtoto akipofuka, Mama, nitamwambia nini?"

Nadhani wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana mkasi ukaishia mikononi mwangu. "Wewe ndiye anayekukubali," Mama aliniambia bila kunitazama. "Ukiona tumkate, kata. Ukiona tumwache, tumwache." Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu nimemsamehe mengi, lakini hilo bado limenikwama kooni.

Nilimviringisha kasuku kwenye kanga, bawa moja nje. Mizimu sikuiogopa, niliogopa asubuhi isiyo na sauti ya Baba. Nilitaka kumwacha, na ningemwacha, kama Imelda asingekuwa analia pale pale, damu imemgandia kwenye kope. Nilipoweka mkasi kwenye manyoya, kasuku akasema, polepole kuliko siku zote: "Mama Stela, fungua. Nimerudi."

Nilikata. Nikageuza, nikakata na la pili. Bibi alitoka akaenda kukaa mchangani, kanga kichwani, akalitazama ziwa mpaka jua likawa kali.

Kasuku hakusema neno tena. Nilimbembeleza kwa karanga, nikamkoholea kikohozi cha Baba, wapi. Manyoya yaliota upya, jambo ambalo kwetu hakuna aliyelijua, na siku alipoweza kuruka aliruka kuelekea ziwani, nasi hatukumwona tena. Bwana mifugo mmoja aliwahi kuniambia kwamba ndege akitishwa sana hunyamaza. Sibishani naye. Ila Bibi alisema kabla, na hakuwahi kufuga ndege maishani mwake.

Siku hizi naishi Mbinga mjini. Juzi Imelda alikuja kunitembelea, mama wa watoto wawili sasa, macho yake yote mazima, na kovu dogo ambalo yeye hudhani alilipata kwa kuanguka. Tulikuwa tunachambua maharage. Akauliza, "Dada, hivi Baba alikuwa anaongeaje?"

Nikaweka ungo chini. Nikasema, "Mama Stela, fungua. Nimerudi," nikakohoa kidogo.

Imelda akatabasamu kama mtoto. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya kasuku, na nilipoitafuta ya Baba nyuma yake sikuikuta.

"Rudia, Dada," akasema.

Nikarudia, kwa kuwa yeye hana nyingine, na mimi pia sina.