Wembe wa Kuanua Matanga

Wembe wangu wa kukunja niliurithi kwa baba. Kwa miaka mingi nimejinyolea nao nyumbani, hapa Kilwa, ingawa vijana wa saluni wananicheka. Kuunoa si kazi ngumu, usiogope. Lowesha kinoo kwa maji, laza wembe bapa, mgongo na makali viguse jiwe kwa pamoja. Sukuma makali yakitangulia. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, kisha urudi. Usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Wengi hukosea kwa haraka.

Mimi nilikosea kwa kukawia, siku ya arobaini ya mke wangu.

Kwao marehemu, kule Pande, mfiwa hagusi nywele zake hadi matanga yaanuliwe, na anayemnyoa ni mtani. Wangu alikuja kutoka Rondo, mtu wa makamo yangu. Mtani ndiye anayeruhusiwa kucheka msibani, na ndiye anayekufanyia yale ambayo ndugu zako hawawezi kuyafanya bila kulia. Kichwa kikishanyolewa, msiba umekwisha. Dada wawili wa marehemu, waliokuwa wakinipikia siku zote hizo, wangegawana nguo zake na kurudi kwao, nami ningebaki peke yangu ndani ya nyumba.

Baada ya chai ya asubuhi nilikaa uani na kinoo. Mtani alivuta kigoda, akaketi mbele yangu.

"Mtani, unanoa wembe au unachimba kisima?"

"Haujashika bado."

"Kichwa chenyewe kina nywele saba! Hata ganda la chaza lingetosha."

Shemeji zangu wakacheka jikoni. Mimi nikaendelea, mbele na nyuma, mpaka kivuli cha ukuta kikaniishia miguuni. Nilipoujaribu kwenye mkono, wembe ulivuta nywele badala ya kuzikata. Kinoo kikizidi, makali huwa membamba mno, yakawa utando unaokunjika huku na huku. Kwa kidole utadhani ni makali kweli. Kwenye ngozi yanararua.

Mtani aliuchukua, akaujaribu kwenye mkono wake. Hakucheka.

"Umeuharibu kusudi?"

"Sijui," nikasema. Na kweli sikujua.

Akasogeza kigoda, akashusha sauti. "Nilipofiwa mimi, wembe niliuficha ndani ya gunia la korosho. Wakaazima wa jirani, butu kama ulimi, nikanyolewa huku nalia, watu wakadhani nalilia mke tu. Utengeneze, mtani. Nisikutoe damu mbele ya shemeji zako."

Likikupata hili, usikate tamaa, wembe haujafa. Pitisha makali mara moja, taratibu, juu ya kitako cha glasi ili ule utando uvunjike. Rudi kwenye jiwe kwa mkono mwepesi, mara chache tu. Malizia kwenye mkanda wa ngozi uliovutwa ukanyooka, safari hii mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, maana ukikosea hapo utaukata mkanda. Nilifanya hivyo. Nywele ya mkono ikakatika bila mimi kuhisi kitu, na sikuwa tena na sababu ya kungoja.

Mtani alinilowesha kichwa, akaanza kwenye paji la uso kurudi nyuma. Utani aliuweka kando hadi alipomaliza. Sijawahi kumwona vile, na natumaini sitamwona hivyo tena.

Alasiri mikeka ilikuwa imekunjwa. Bodaboda mbili ziliwachukua shemeji zangu kwenda stendi. Yule mdogo aligeuka akiwa ameshapanda. "Shemeji, wali umebaki. Upo kwenye sufuria ndogo."

Jioni nilikwenda dukani kununua majani ya chai. Muuza duka, ambaye siku zote arobaini alikuwa akinishika mkono kwa mikono yake miwili na kunipa pole, alikitazama kichwa changu.

"Habari za leo?" akauliza.

Nikamwambia nzuri.